Dhana, Uhakiki na Dirisha Linalodai Uthibitisho

Dirisha la uthibitisho ni ujumbe unaojitokeza kwenye skrini ya kompyuta na kumtaka mwenye akaunti aonyeshe kwamba ndiye yeye. Huja kwa sura nyingi. Pengine hutaka neno la siri liandikwe upya, pengine hutaka namba ya tarakimu sita iliyotumwa kwenye simu. Mara huuliza kama aliyejaribu kuingia kwenye akaunti kutoka mji fulani ni mwenyewe, mara humtaka mtumiaji athibitishe kwamba yeye ni binadamu na si programu. Kwenye kompyuta ya nyumbani, inayotumiwa na wazazi na watoto kwa kupokezana, hakuna fundi wa kuulizwa. Aliyekaa mbele ya skrini ndiye mwamuzi, na mara nyingi amepewa dakika chache za kuamua, huku maandishi mekundu yakimwonya kwamba akaunti itafungwa.

Jambo hili huhesabiwa kuwa la ufundi, lakini ndani yake mna swali la kale la dini na falsafa: ni lini mtu ana haki ya kuliamini neno la asiyemwona, na ni lini ana wajibu wa kutoliamini? Kwa muumini ugumu unazidi. Dini yake inamfundisha kuwadhania watu mema na kujibu anapoitwa. Je, kumtilia shaka kila anayemwandikia si kuuacha mwenendo huo? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kuhakiki na kudhania vibaya ni mambo mawili tofauti, na kwamba anayemtaka mwenzake ajitambulishe naye anadaiwa kujitambulisha.

Deni hilo la pili lilisahauliwa tangu mwanzo. Neno la siri liliingia kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walitengeneza CTSS, mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mfumo huo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na mgawo wake wa saa, hivyo mashine ililazimika kujua nani ni nani. Mtumiaji hakuwa na sababu ya kuiuliza mashine swali hilohilo, kwani alijua waya wake unaishia wapi. Ulinzi wenyewe haukuwa imara: mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, akihitaji saa zaidi za kazi, aliiagiza mashine imchapishie orodha nzima ya maneno ya siri, nayo ikamchapishia. Mpango huo wa kukagua upande mmoja ndio uliorithiwa na intaneti, mahali ambapo mtumiaji hajui kabisa waya unaishia wapi.

Udanganyifu unaotokana na pengo hilo una namna tatu kuu, na tofauti zake zina uzito kuliko inavyodhaniwa.

Namna ya kwanza ni dirisha la bandia. Mtu hupokea barua pepe inayosema akaunti yake imeingiwa, hubofya kiungo, na kufika kwenye ukurasa uliofanana na ule anaoujua hadi nembo na rangi. Mwaka 2006 Rachna Dhamija, J. D. Tygar na Marti Hearst walichapisha utafiti ambamo watu 22 waliwekewa kurasa mbalimbali na kutakiwa waseme ipi ya kweli na ipi ya uongo. Ukurasa mmoja wa benki ulikuwa na jina ambalo herufi w imeandikwa kwa v mbili zilizokaribiana. Zaidi ya asilimia 90 ya washiriki waliukubali. Watu hao hawakushtukizwa wakiwa na usingizi au haraka. Walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba kazi yao ni kutafuta uongo. Tangu hapo hila imeongezeka. Siku hizi ukurasa wa tapeli huweza kuchora ndani yake dirisha zima la kuingilia, pamoja na mstari wa anwani ulioandikwa jina sahihi. Dirisha la namna hiyo hujulikana kwa kuliburuta: la kweli hutoka nje ya mipaka ya kivinjari, la kuchorwa hukwama ukingoni.

Namna ya pili imeenea tangu mwaka 2024. Ukurasa hudai kuhakikisha kwamba mgeni ni binadamu, kisha humpa maelekezo: abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl pamoja na V, halafu Enter. Kila hatua inaonekana ndogo na haina madhara. Kumbe ukurasa umekwisha kuweka amri ndani ya kumbukumbu ya kunakili, na hatua zile tatu zinafungua kisanduku cha amri, zinaibandika amri hiyo na kuiendesha. Hapo mwizi hakuvunja chochote. Mwenye nyumba amefanya kazi yote kwa mkono wake, akiamini anathibitisha utu wake.

Namna ya tatu ndiyo ngumu zaidi kifikra, kwa sababu dirisha lenyewe ni la kweli. Mwizi aliyekwisha kupata neno la siri la mtu huliingiza kwenye huduma halisi, na huduma halisi humtumia mwenye akaunti swali halisi: je, ni wewe? Akikataa, mwizi hujaribu tena, na tena, hata usiku wa manane, mpaka mwenye akaunti achoke. Kampuni ya Uber ilivamiwa kwa njia hiyo Septemba 2022. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mfanyakazi wa mkataba aliletewa maombi ya uthibitisho mara nyingi, akayazuia mwanzoni, na hatimaye akakubali moja. Ujumbe ulikuwa wa kweli na aliyeutuma alikuwa mwaminifu, ila tukio lililouzaa lilikuwa la uongo. Ndiyo maana ushauri wa kutazama tu kama ujumbe ni halisi hautoshi. Kuna swali lingine la kuuliza: ni nani aliyeanzisha jambo hili? Kama mwenye akaunti hakuwa akijaribu kuingia popote, hana cha kuthibitisha, hata kama muulizaji ni halali mia kwa mia.

Swali hilo lina mizizi ya kale katika adabu ya kubisha hodi. Anayefika mlangoni husema hodi, aliye ndani huuliza ni nani, na mgeni hulitaja jina lake. Kurani, katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inakataza kuingia nyumba zisizo za mtu mpaka aombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na akiambiwa arudi, arudi. Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari inasimulia kwamba Jabir bin Abdullah alikwenda kwa Mtume Muhammad kuhusu deni la baba yake, akagonga mlango. Alipoulizwa ni nani, akajibu kwamba ni yeye. Mtume akalirudia jibu lile kwa namna iliyoonyesha kutopendezwa nalo. Jabir alikuwa mtu mwema, mwenye shida ya haki, na bado jibu lake lilikuwa na kasoro, kwa kuwa halikumtambulisha. Kila mtu duniani anaweza kusema ni yeye. Ujumbe usemao tu kwamba umetoka kwa kitengo cha usalama umesema kiasi hicho hicho.

Adabu hiyo inaweka wazi nani mgeni na nani mwenyeji. Dirisha la uthibitisho hugeuza nafasi hizo kwa ujanja: humfanya aliyeko nyumbani kwake ajione yeye ndiye anayeomba kuingia, na mgeni ajifanye mlinzi wa mlango. Mtu akishakubali kuwa yeye ndiye mshukiwa, huharakisha kujisafisha na husahau kuuliza chochote. Nguvu ya hila hii haitokani sana na ufundi, inatokana na hofu ya mtu mwadilifu ya kuonekana ana kosa.

Hapa ndipo swali la kidini linapobana. Sura ya Al-Hujurat ina amri mbili ambazo msomaji wa haraka anaweza kudhani zinapingana. Aya ya 6 inawaamrisha waumini wachunguze habari inapoletwa na mtu fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Aya ya 12 inawaamrisha wajiepushe na dhana nyingi, kwa sababu baadhi yake ni dhambi, na inawakataza kupelelezana. Zimo katika sura moja, na umbali kati yake ni mfupi. Ukristo nao una jozi yake. Barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, inasifu upendo usiochoka kuamini, wakati Injili ya Mathayo, sura ya 10, inawataka wanafunzi waunganishe busara ya nyoka na upole wa njiwa, na barua ya kwanza ya Yohana, sura ya 4, inakataza kuamini kila roho kabla ya kuipima.

Jozi hizi hazipingani, kwa sababu kila upande unazungumzia kitu chake. Dhana ni hukumu inayotolewa moyoni juu ya mtu. Uhakiki ni kazi inayofanywa juu ya habari na njia iliyopitia. Mtu anaweza kuihakiki habari kwa ukali wote bila kumhukumu aliyeileta, na anaweza kumdhania mwenzake vibaya bila kuhakiki lolote. Aya ya 6 yenyewe inataja madhara yatakayowapata watu wasio na hatia iwapo habari itapokelewa bila kuchunguzwa, kwa hiyo uchunguzi umewekwa kuwalinda watu.

Tukio linaloonyesha tofauti hiyo kwa uwazi wa pekee ni la Khalifa Umar bin Al-Khattab na sahaba Abu Musa Al-Ash'ari, na kwa namna ya kuvutia linahusu kubisha hodi kwenyewe. Abu Musa alifika kwa Umar, akaomba ruhusa mara tatu, hakujibiwa, akaondoka. Umar alipomuuliza sababu, alisema kwamba Mtume aliagiza anayeomba ruhusa mara tatu asipopewa arudi. Umar akamtaka alete shahidi wa maneno hayo. Abu Musa akawaendea Ansari waliokuwa wamekaa kikao, akiwa na fadhaa, wakamtoa mdogo wao, Abu Said Al-Khudri, akaenda naye kutoa ushahidi. Katika mapokezi mengine, Umar alimweleza Abu Musa kwamba hakumtuhumu. Alihofia watu wasije wakazoea kumzulia Mtume maneno. Mletaji alikuwa mwaminifu, habari ilikuwa ya kweli, na bado kuhakiki kulikuwa sahihi. Umar aliliangalia suala kama la utaratibu unaowalinda wote, pamoja na Abu Musa mwenyewe. Huduma yoyote iliyo halali haiwezi kuudhika mteja wake anapokataa kujibu dirisha na kuingia kwa njia yake mwenyewe kuhakikisha. Inayoudhika, inayotisha na inayohimiza haraka imejieleza vya kutosha.

Wanazuoni wa hadithi waliendeleza utaratibu huo mpaka ukawa elimu kamili, na elimu hiyo inafaa sana kwa jambo hili. Walitenganisha matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mlolongo wa watu walioyapokea mmoja kutoka kwa mwingine. Maneno mazuri, yenye busara na lugha nyofu hayakukubaliwa kwa uzuri wake. Kila kiungo cha mlolongo kilichunguzwa kama kilikutana kweli na kilichotangulia, kama kilikuwa kiadilifu na kama kilikuwa na kumbukumbu thabiti. Mtumiaji wa kompyuta kwa kawaida hufanya kinyume. Hutazama matini: nembo, Kiswahili au Kiingereza kisicho na makosa, jina lake lililoandikwa sawasawa. Zamani makosa ya lugha yalisaidia kumgundua tapeli. Sasa programu za kutunga maandishi humwandikia barua safi kabisa. Isnadi ya ujumbe, yaani anwani uliyotoka na njia iliyoufikisha, ndiyo inayobaki ya kuchunguzwa. Katika anwani ya tovuti, kinachotawala ni jina lililo kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya mikwaju miwili ya mwanzo. Jina la benki likitokea mbali kushoto mwa hapo, halina maana yoyote, kwa sababu mwenye tovuti anaweza kuandika sehemu hiyo atakavyo.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari ilileta mkanganyiko wa aina yake. Kufuli ilimaanisha kwamba mawasiliano kati ya kompyuta na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani. Watu wengi waliisoma kuwa tovuti ni ya kuaminika. Matapeli nao huweza kupata cheti cha kufuli, tena bila malipo, na ukurasa wao ukawa na njia salama kabisa inayomfikisha mtu kwa mwizi. Septemba 2023 kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo kwenye toleo lake la kompyuta na kuweka nyingine, kwa sababu hiyohiyo ya kusomwa vibaya. Kwa istilahi ya wanazuoni, mlolongo usiokatika hausaidii ikiwa aliyeuanzisha ni mwongo.

Kisa cha Isaka na mwanawe Yakobo aliyejifanya kaka yake Esau, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, kinastahili kutazamwa kwa karibu kuliko kawaida, kwa kuwa ni kisa cha uthibitisho uliofanywa kwa bidii na ukashindwa. Isaka alikuwa kipofu. Hakuwa mjinga wala mzembe. Aliuliza jina. Aliuliza mawindo yamepatikanaje upesi namna ile. Alimvuta mwanawe karibu ampapase, akahisi manyoya ya mbuzi yaliyofungwa mikononi, na akatamka wazi kwamba sauti ni ya mmoja na mikono ni ya mwingine. Akauliza tena kama kweli yeye ndiye Esau. Akanusa mavazi. Baada ya yote hayo akabariki asiyemkusudia.

Makosa yake yalikuwa mawili. La kwanza, dalili zilipogongana hakusimama. Alichagua zile zilizoelekea upande aliokuwa akiutarajia. La pili, kila ushahidi aliouchunguza uliletwa na mtu yuleyule aliyeshukiwa: jibu lilitoka mdomoni mwake, ngozi ilikuwa mikononi mwake, harufu ilikuwa kwenye nguo alizovaa. Hakumtuma mtumishi aangalie kama Esau amerudi kutoka porini. Wagibeoni, katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9, walifanikiwa kwa njia hiyohiyo: walikuja na mikate iliyoota ukungu, viriba vilivyotiwa viraka na viatu vilivyochakaa ili waonekane wametoka nchi ya mbali, na wazee wa Israeli wakakagua vyakula vyao, wakala kiapo, na baada ya siku tatu wakagundua kwamba wale watu ni majirani. Anayepiga namba ya simu iliyoandikwa ndani ya dirisha la onyo ili aulize kama onyo hilo ni la kweli amerudia swali la Isaka kwa mdomo uleule. Kampuni ya Microsoft imeeleza kwamba ujumbe wake wa makosa na maonyo hauna namba ya simu ya kupigwa.

Kanuni inayopatikana hapo ni fupi: uhakiki ufanywe kwa njia ambayo anayehakikiwa hakuichagua. Dirisha hufungwa bila kujibiwa. Likikataa kufungwa na kujaza skrini nzima, kivinjari hufungwa kwa Alt na F4 au kupitia kidhibiti kazi cha Windows, au kompyuta huzimwa. Kisha mwenye akaunti huandika anwani ya huduma kwa mkono wake, au hufungua alamisho aliyoihifadhi siku za nyuma, na kuingia. Kama kuna tatizo la kweli, taarifa yake itakuwa mle ndani, pamoja na orodha ya vifaa vilivyoingia hivi karibuni. Kama hakuna, dirisha lilikuwa la uongo. Namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa simu haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kwa cheo gani; ndivyo ilivyo pia kwa namba ya siri ya huduma za pesa kwa simu, ambayo wateja wa Afrika Mashariki wameonywa juu yake kwa miaka mingi. Na ombi la uthibitisho lililokuja bila kuombwa hukataliwa, halafu neno la siri hubadilishwa mara moja, kwa sababu kuja kwake kunaonyesha kwamba huenda mtu mwingine tayari analijua.

Falsafa ya Ulaya ilibishana sana juu ya mahali pa kuanzia. David Hume, mwaka 1748, alitaka kila ushuhuda upimwe kwa uzoefu: mtu huamini maneno ya wengine kwa kadiri alivyowahi kuona yakilingana na ukweli. Thomas Reid, Mskoti mwenzake, alimjibu mwaka 1764 kwamba Muumba amemtia binadamu mielekeo miwili inayokamilishana, wa kusema kweli na wa kuamini anachoambiwa, na kwamba mtoto asingejifunza lolote kama angengoja kwanza kupima kila neno la mama yake. Reid ana haki kuhusu maisha ya watu wanaojuana. Kuamini ndiyo hali ya asili, na jamii isiyo nayo haikaliki. Hata mwongo anaihitaji: Immanuel Kant alionyesha mwaka 1785 kwamba ahadi ya uongo hufaulu tu palipo na desturi ya kuamini ahadi, na kama kila mtu angeahidi kwa uongo, hakuna ambaye angesadiki. Tapeli wa mtandaoni anaishi kwa kula akiba iliyowekwa na wakweli. Lakini hoja ya Reid ilijengwa juu ya nyuso, sauti na ujirani. Dirisha kwenye skrini halina hata kimoja cha hivyo, na hapo Hume anafaa zaidi.

Hata hivyo shaka nayo ina mpaka wake. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba alipitia karibu miezi miwili ya kutoamini hata milango yake ya fahamu, na akaitaja hali ile kuwa ugonjwa ambao Mungu alimponya. René Descartes, mwaka 1641, aliwaza kuwapo kwa mdanganyifu mwenye nguvu zote, lakini kwake lilikuwa zoezi la fikra la kutafuta yakini, na hakulifanya kuwa mwongozo wa kuishi. Sheria ya Kiislamu ilitoa kinga ya vitendo dhidi ya wasiwasi: yakini haiondolewi na shaka tupu. Mwenye udhu akishuku tu kwamba umetenguka, huhesabiwa kuwa bado anao. Vivyo hivyo, mtu aliyeingia kwenye akaunti kwa njia aliyoichagua mwenyewe na akakuta kila kitu shwari hana haja ya kukosa usingizi kwa sababu dirisha fulani lilimtisha.

Wasiwasi pia una gharama ambayo wataalamu hawakuihesabu kwa muda mrefu. Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alitoa hoja mwaka 2009 kwamba watumiaji wanaopuuza ushauri wa usalama mara nyingi wana mantiki, kwa sababu muda wanaotakiwa kuutoa kila siku, ukijumlishwa kwa watu wote, unazidi hasara ambayo ushauri huo ungeizuia. Hoja hii inapaswa kuchukuliwa kwa uzito na yeyote anayewahubiria wazee na wanafunzi orodha ndefu za tahadhari. Mtu hawezi kuwa Umar kwa kila dirisha linalofunguka. Anaweza kushika desturi moja, ile ya kutoka nje na kuingia upya kwa mlango wake, nayo ikamtosheleza kwa hali nyingi.

Sehemu kubwa ya wajibu haimhusu mtumiaji hata kidogo. Katika hadithi zinazokubaliwa na Bukhari na Muslim, muuzaji alikatazwa kumfunga mnyama chuchu ili kiwele kionekane kimejaa maziwa, na mnunuzi aliyedanganywa hivyo akapewa hiari ya kumrudisha. Sheria haikumwambia mnunuzi kwamba angepaswa kuwa mwerevu zaidi. Mtu mwingine, aliyezoea kupunjwa sokoni, alifundishwa aseme kila anapouza au kununua kwamba hakuna kulaghaiana, na maneno hayo yakamlinda. Udhaifu wake ulikubaliwa kama ulivyo, na soko likatakiwa lijirekebishe kwa ajili yake. Kwa kipimo hicho, wahandisi wanaobuni madirisha halisi yanayofanana na ya bandia, na kampuni zinazotuma barua halali zenye viungo na vitisho vya haraka, zinashiriki kuwazoeza watu kudanganyika.

Njia za kutimiza wajibu huo zinajulikana. Mwongozo wa usalama wa kompyuta wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, uliotolewa mwaka 1983 na kurekebishwa mwaka 1985, ulitaka mifumo ya daraja la juu iwe na njia ambayo mtumiaji ana hakika kwamba anaongea na mfumo wenyewe. Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, ilimtaka mtu abonyeze Ctrl, Alt na Delete kabla ya kuandika neno la siri, kwa kuwa mchanganyiko huo hupokelewa na mfumo endeshi peke yake na programu ya kawaida haiwezi kuunyakua. Mashine ilijitambulisha kwanza. Tangu Mei 2023 programu ya uthibitisho ya Microsoft humtaka mwenye simu aandike namba inayoonekana kwenye skrini anayoingilia, badala ya kubonyeza tu kukubali, hivyo asiyekuwa mbele ya skrini hana namba ya kuandika. Kiwango cha WebAuthn, kilichopitishwa Machi 2019, kilikwenda mbali zaidi. Ufunguo wa siri unaohifadhiwa kwenye kifaa hufungamana na jina la tovuti iliyousajili, na kifaa hukataa kuutumia kwenye jina lingine, hata kama tofauti ni v mbili badala ya w. Mwaka 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kuupanua utaratibu huo kwa watumiaji wa kawaida. Hatimaye mashine inaulizwa kabla ya binadamu kujibu, na familia yenye uwezo wa kuuwasha kwenye akaunti zake muhimu, hasa barua pepe na benki, inafanya vyema kuuwasha leo.

Linabaki suala la aliyekwisha kujibu. Hatua zake za kwanza ni za haraka: kubadilisha neno la siri kwa kutumia kifaa kingine, kuvitoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kuangalia kama barua pepe imewekewa amri ya kupeleka nakala kwingine, kuiarifu benki, na kama amri ilibandikwa na kuendeshwa, kuiondoa kompyuta kwenye mtandao mpaka isafishwe. Kinachowachelewesha wengi ni aibu. Baba aliyetapeliwa huogopa kudharauliwa na watoto wake, na mtoto aliyebofya huogopa kipigo, na saa ambazo fedha zingeweza kuzuiwa hupotea kwa kimya. Aibu hiyo imewekwa kwa asiyehusika. Nabii Yakubu aliletewa kanzu yenye damu ya uongo na wanawe mwenyewe, na hakuna anayemhesabia dhambi kwa sababu ya hila yao. Walipokuja tena kumtaka mdogo wao, katika Sura ya Yusuf, hakukataa kuamini milele. Alidai kwanza ahadi nzito mbele ya Mungu, ndipo akamruhusu.

Tena akaunti si mali ya mtu mmoja. Ndani yake mna barua za marafiki, namba za ndugu, picha za watoto wa wengine na siri walizomwambia mwenyewe kwa kumwamini. Ni amana, na Kurani katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Mwizi akishaingia, hatua yake inayofuata huwa kuwaandikia watu hao kwa jina la mwenye akaunti, akiomba mkopo wa dharura au akiwatumia kiungo kilekile. Kwa hiyo anayegundua kwamba ameingiliwa anawajibika kuwajulisha siku hiyohiyo, kwa simu ya sauti au kwa kuwafikia ana kwa ana pale inapowezekana, kwa sababu ujumbe wa maandishi kutoka kwake sasa hauna tofauti na wa mwizi mpaka waisikie sauti yake.